Mguu Umevunjika, Akili Haijavunjika

Maandiko ya kusoma: Kutoka 17:8–13, Kutoka 20:12, Marko 10:46–52, Yohana 21:18

Wiki hii niliombwa niandike juu ya amri ya tano, ile ya kuwaheshimu baba na mama. Nilikubali haraka nikidhani ni kazi rahisi. Kila mtu anaijua amri hiyo, na hapa kanisani hakuna atakayesimama kuipinga. Lakini nilipokaa na kalamu nikaona siwezi kuandika kwa uaminifu bila kuwaeleza jinsi nilivyoivunja mwaka jana, nikiwa katikati ya kumsaidia mama yangu, na nikiwa na hakika kabisa kwamba ninaitimiza. Mama amenipa ruhusa nisimulie. Safari hii nilimwuliza kwanza.

Mama yangu anaishi upande wa Molo. Ana miaka 68. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, na tangu hapo mama amelima viazi, amefuga ng'ombe, amesomesha watoto watatu, na sijawahi kumsikia akimwomba mtu ambebee hata mtungi wa maji. Ukimwambia, "Mama, pumzika," atakuuliza kama ni wewe umechoka. Mimi nimepewa jina la babake, kama ilivyo desturi ya Wakikuyu kwa mwana wa pili, kwa hiyo tangu nikiwa mdogo huniita "Baba". Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Alianguka mwezi wa nne, wakati wa mvua, saa kumi na mbili asubuhi, akipeleka maziwa barabarani. Aliteleza kwenye matope karibu na ua. Majirani wako umbali wa kuita tu, lakini hakuita. Alilala pale karibu saa nzima mpaka kijana wa bodaboda alipopita akamwona. Yule kijana alituambia baadaye kwamba neno la kwanza la mama lilikuwa, "Peleka maziwa kwanza, gari litaondoka."

Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Alifanyiwa upasuaji, akawekwa chuma, na siku ya pili tayari walikuwa wanamsimamisha kwa fremu ya kutembelea. Mimi nilishangaa, nikaona kama ni ukatili. Daktari akanieleza kwamba kwa mtu wa umri wake kitanda ni hatari kuliko maumivu. Akilala sana atapata vidonda vya kulalia, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu, mapafu yanaweza kushikwa na nimonia, na misuli inanyauka upesi. Alisema chuma kimewekwa na daktari, lakini kutembea atatembea mama mwenyewe. Nililisikia neno hilo kwa masikio. Moyoni halikuingia.

Alipotoka hospitalini tulimleta kwetu Nakuru. Hapo ndipo shahada yangu ya biashara ilipoanza kufanya kazi. Wenzangu ofisini mwa kanisa wananijua, mimi ni mtu wa bajeti na ratiba. Nilibandika ratiba kwenye mlango wa friji: saa ya dawa, saa ya chakula, saa ya mazoezi, saa ya wageni. Simu ya mama nikaishika mimi ili asisumbuliwe. Namba yake ya siri ya M-Pesa nikaichukua ili asije akatapeliwa akiwa mgonjwa. Halafu nikafungua kompyuta nikapiga hesabu ya boma lake kule Molo.

Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Kulikuwa na mshahara wa kibarua wa kumkamua, chakula cha madukani, dawa, na maziwa yaliyokuwa yamepungua kwa sababu kibarua hakuwa na mkono wa mama. Kwenye jedwali langu ng'ombe alikuwa anakula zaidi ya anachotoa. Chuoni tulifundishwa kwamba mali isiyozalisha inauzwa mapema kabla haijakula mtaji. Nikampigia broka. Ng'ombe akauzwa shilingi 110,000, pesa zikaenda kwenye bili na matibabu, hata shilingi moja haikuingia mfukoni mwangu. Nikamshukuru Mungu kwa hekima aliyonipa.

Wapendwa, nataka mkae hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo penye swali la leo. Sikuiba. Sikumtelekeza mama kama wale Yesu aliowakemea katika Marko 7, waliojificha nyuma ya sadaka wasiwatunze wazazi wao. Alikuwa kwangu, anakula vizuri, amelala pazuri. Kama ungeniuliza siku hiyo kama ninamheshimu mama yangu, ningekuonyesha risiti.

Lakini kila asubuhi mama aliniuliza, "Baba, ng'ombe anaendeleaje?" Na mimi mchungaji msaidizi, ninayesimama madhabahuni kila Jumapili, nilimjibu, "Yuko salama, Mama." Nilijiambia si uongo. Kwani huko alikouzwa hayuko salama?

Ukweli ulifika Jumapili moja jioni. Akina mama wa chama chake walikuja kumwona na maziwa lala na ndizi. Mmoja wao, bila ubaya wowote, akamwambia, "Pole kwa ng'ombe, mama. Lakini ni sawa, utapata mwingine." Mama hakusema neno. Hakuniangalia. Aliendelea kuwakaribisha wageni chai mpaka wakaondoka.

Kesho yake hakuinuka kufanya mazoezi. Kesho kutwa pia. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa akija mara mbili kwa wiki, na wiki hiyo alimkuta ameangalia ukuta. Mimi nikamwambia mama ni mkaidi, nikaomba aongezewe dawa ya maumivu. Yule kijana akavuta kiti akakaa karibu na kitanda akamwuliza, "Ukipona, unataka ufanye nini?" Nikajibu haraka, "Anataka tu aweze kutembea ndani ya nyumba bila kuanguka." Kijana hakugeuka hata kunitazama. Akasema kwa upole, "Nimemuuliza mama."

Mama akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nilikuwa nataka kukamua."

Waswahili wana methali kwamba ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Mama yangu alivunjika mguu, na zizi lake nikawa nimelimaliza. Kila hatua aliyokuwa akipiga kwa fremu ile, kutoka kitandani mpaka dirishani, alikuwa anahesabu kurudi nyumbani kwa ng'ombe wake. Mimi niliona mgonjwa anafanya mazoezi. Yeye alikuwa tayari safarini.

Usiku ule nilirudi kwenye amri ya tano nikitafuta kujitetea. Neno la Kiebrania linalotumika katika Kutoka 20:12 kwa kuheshimu lina mzizi wenye maana ya uzito. Kumheshimu mzazi ni kumpa uzito, kumfanya mtu ambaye neno lake likianguka mezani, meza inatikisika. Nikajiuliza, neno la mama lilikuwa na uzito gani katika nyumba yangu? Mwili wake tuliubeba vizuri. Mke wangu alimwogesha, akambadilisha nguo, akaamka naye usiku. Na niseme hili kwa akina baba wenzangu: katika nyumba nyingi sisi ndio tunaoamua na wake zetu na dada zetu ndio wanaoosha, halafu tunasema "tunamtunza mama". Lakini neno la mama halikuwa na uzito hata wa karatasi ile ya friji. Nilimfanya mwepesi. Mtoto mchanga ndiye anayebebwa bila kuulizwa.

Na hapo nikaona mtego wa lile jina. Ameniita "Baba" miaka yote hiyo kwa mapenzi, kwa kumkumbuka babake. Alipoanguka mimi nikalichukua jina kama cheo. Nikawa baba kweli, naye nikamfanya mtoto.

Ukurasa mwingine uliniuma zaidi. Katika Kutoka 17 Yoshua anapigana na Waamaleki bondeni, na Musa yuko juu ya kilima na fimbo ya Mungu mkononi. Akiinua mikono Israeli wanashinda, akiishusha wanashindwa. Musa ni mzee, mikono ikachoka, ikawa mizito. Katika Kiebrania uzito wa mikono ile unatoka kwenye mzizi uleule wa heshima. Sasa tazama Haruni na Huri walifanya nini. Walileta jiwe, wakamketisha Musa juu yake. Wakasimama mmoja huku na mwingine huku, wakamtegemeza mikono mpaka jua likazama.

Mimi ningekuwa pale, pamoja na shahada yangu, ningefanya haraka. Ningesema, "Mzee amechoka, vita ni vikali, leteni hiyo fimbo niishike mimi, yeye apelekwe hemani alale." Ingeonekana ni huruma na ni busara. Lakini Haruni na Huri hawakumnyang'anya Musa fimbo. Uzito wa mikono yake waliubeba, kazi yake wakamwachia. Msaada wa kweli, nadhani, unapimwa hapo: ukimaliza kusaidia, fimbo iko mkononi mwa nani?

Niende mbele kidogo, kwa Bartimayo. Kipofu analia kando ya njia. Kila mtu anaona shida yake, hata mtoto angeijua. Na bado Yesu, anayejua mioyo ya watu, anamwuliza anataka afanyiwe nini. Kwa nini aulize? Mimi naamini ni kwa sababu Yesu hakuona macho mabovu tu. Aliona mtu mwenye hiari yake, mwenye kinywa cha kujisemea. Kama Mwana wa Mungu aliuliza, mimi na jedwali langu ni nani tusiulize?

Usiku wa siku iliyofuata niliingia chumbani kwa mama nikapiga magoti, si kuomba bali kuomba msamaha. Nikamwambia nilimuuza ng'ombe bila kumwuliza, na nikamdanganya kila asubuhi. Nikamwambia nimempigia broka simu nikitaka kumnunua tena, na ameshauzwa mbali, hawezi kurudi.

Akanitazama. Akasema, "Baba, ni mguu umevunjika. Akili haijavunjika." Kisha akasema neno ambalo sitalisahau: "Ungeniuliza, pengine ningekwambia uza. Na ningekupatia bei nzuri kuliko hiyo ya broka."

Mnaona, wapendwa? Mimi nilidhani kosa ni ng'ombe. Kumbe pengine uamuzi ungekuwa uleule! Angeuza yeye, angepoteza ng'ombe. Nilipouza mimi, alipoteza ng'ombe na akapoteza nafasi yake ya kuwa mtu anayeuza au kukataa kuuza. Na ng'ombe huyo, acha niwaambie, nyanyake ndiye aliyelipa karo yangu ya chuo kikuu. Maziwa ya ukoo ule ndiyo yaliyonisomesha hesabu nilizotumia kumuuza.

Nikamwuliza, "Sasa unataka nifanye nini, Mama?" Sikuwa nimewahi kumwuliza hivyo tangu aanguke. Akasema, "Kwanza, nipe simu yangu."

Nilimpa. Usiku uleule alimpigia mwenyekiti wa chama, akabadilisha namba ya siri, na asubuhi alikuwa na mpango ambao jedwali langu halikuujua. Alipanga tarehe ya kurudi Molo. Msichana wa jirani angelala naye, akina mama wa chama wangepeana zamu za maji na kuni. Mimi alinipa kazi zangu: choo cha nje kiwekewe kiti, kwa sababu hakuruhusiwa kuchuchumaa, mbao za kushikilia ziwekwe kutoka mlangoni mpaka chooni, na pale pa matope paliposababisha yote haya pawekwe mawe. Nilikwenda Jumatatu mbili mfululizo na fundi. Nilipokuwa nikipanga mawe yale nilikumbuka jiwe la Haruni na Huri, nikacheka peke yangu. Kazi yangu ilikuwa ni ya kuleta jiwe.

Mazoezi aliyarudia bila kusukumwa.

Lakini nisiwadanganye kwamba kosa lilikuwa la upande mmoja. Siku moja tukiwa njiani kurudi kliniki nilimwuliza kwa nini hakuita majirani alipoanguka. Akasema, "Sikutaka kusumbua watu." Nikamwambia, "Mama, mimi nilikuficha habari ya ng'ombe nikisema ni kwa faida yako. Na wewe ulificha maumivu ukisema ni kwa faida yetu. Si ni kitu kimoja?" Hakupenda. Alinyamaza mpaka tukapita Njoro. Halafu akasema kwamba hata kabla ya kuanguka alikuwa akisikia kizunguzungu asubuhi, karibu miezi miwili, na hakumwambia mtu.

Wazazi wangu mnaosoma jarida hili, hasa nyinyi mliolea watoto peke yenu, naomba mnivumilie. Nguvu zenu ni zawadi ya Mungu, na sisi tumekula matunda yake. Lakini amri ya tano ina pande mbili. Mtoto ameamriwa akuheshimu, na wewe ukimfungia mlango, ukificha kila uchungu, unamnyima nafasi ya kutii. Petro alikataa kuoshwa miguu, naye alidhani anamheshimu Bwana wake. Baadaye Yesu alimwambia, katika Yohana 21:18, kwamba akiwa kijana alijifunga mwenyewe akaenda alikotaka, lakini akizeeka mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka. Najua Yohana anaeleza hapo Bwana alisema juu ya kifo cha Petro. Lakini picha aliyotumia ni ya uzee, na kila mzee anaielewa. Kuna siku mwingine atakufunga mshipi. Afadhali umfundishe mapema unavyopenda ufungwe.

Kule ndani ya matatu tulifanya agano, mimi na mama. Yeye hatanificha, mimi sitamwamulia. Si rahisi. Mwezi wa nane aliniambia anataka kwenda shambani kupanda viazi mwenyewe. Kila kitu ndani yangu kilitaka kusema hapana. Nikamwambia ukweli: "Mama, naogopa utaanguka tena, na daktari alisema usiiname." Hiyo ni haki yangu, kusema ninachoogopa. Akafikiri siku mbili, akaamua atakaa kwenye kiti mwisho wa mtaro na kuwaelekeza vibarua. Kama angeamua kuinama, sijui ningefanya nini. Pengine ningelia, kisha ningemletea jembe fupi.

Najua mtu ataniuliza, "Pasta, je, mzazi ambaye akili imeanza kupotea? Anayewasha jiko na kusahau, anayetoka usiku hajui anakokwenda?" Hilo ni tofauti, na hatuna budi kuamua kwa niaba yake, kwa sababu kumwacha ni kumtelekeza. Lakini hata hapo tusichukue yote kwa mpigo. Anayeshindwa kushika pesa bado anaweza kuchagua nguo atakayovaa kanisani. Chukua kile tu kilichomshinda, na kile kingine mwachie. Na tuwe wakweli: wengi wetu hatuko kwenye hali hiyo. Wengi wetu tuna mzazi ambaye goti ndilo limechoka, na sisi tunaongea juu yake na daktari kana kwamba hayupo chumbani.

Kwa hiyo wiki hii nakuachia kazi. Kama unamtunza mzazi, jiulize mara ya mwisho ulipomwuliza anataka nini, na ukangoja jibu. Jiulize ni kitu gani chake kiko mikononi mwako ambacho bado angeweza kukishika mwenyewe: simu, pesa, ufunguo wa nyumba, habari ambayo umemficha. Kirudishe. Na kama wewe ndiwe mzazi, chagua jambo moja ambalo umekuwa ukilificha, umwambie mwanao kabla ya Jumapili.

Mama sasa anatembea kwa fimbo. Ng'ombe hajanunua bado. Nimejitolea kuchangia ndama, akakataa, anasema chama kitamfikia zamu yake mwezi wa kumi na mbili na atakwenda kumchagua mwenyewe. Ameniomba kitu kimoja tu: nimpeleke sokoni siku hiyo, na nikifika huko nisiongee na broka yeyote.

Tuombe. Baba, utusamehe kwa msaada tuliotoa kwa kiburi. Utupe masikio ya kuwasikia waliotulea, na mikono ya kutegemeza bila kunyang'anya. Uwape wazazi wetu wepesi wa kusema yanapouma. Katika jina la Yesu, Amina.